Kahawia Pande Zote Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na nasema wazi kwamba mambo ya umeme siyajui na sikuwahi kutaka kuyajua. Umeme kwangu ni ile swichi ya ukutani: ukibonyeza taa ikawaka, shukuru, isipowaka, tafuta mshumaa. Lakini leo ukiniamsha usingizini ukaniuliza elfu arobaini na saba ni rangi gani, nitakujibu njano, zambarau, chungwa, kabla sijafumbua macho. Aliyenifikisha huku ni mke wangu, na habari ninayotaka kuwapa ni yake.

Chuoni walimbatiza jina la Bi Omu. Omu ndicho kipimo cha rezista, na rezista, kwa asiyejua kama nilivyokuwa mimi, ni kidude kidogo kama punje ya mchele chenye miguu miwili ya waya. Kazi yake ni kuubana umeme usipite kwa fujo. Kwa kuwa ni kidogo mno kuandikwa namba, kiwandani hukichora milia ya rangi, na kila rangi ina namba yake: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, mpaka nyeupe tisa. Milia ya mwanzo ni tarakimu, unaofuata ni idadi ya sifuri za kuongeza, na wa mwisho ni kiasi cha usahihi tu. Asiyejua kuisoma milia hiyo si fundi wa elektroniki, kama vile asiyejua kutunga uzi kwenye sindano hawezi kujiita mshonaji.

Sasa huyu mke wangu alikwenda kuanza chuo akiwa na miaka hamsini na moja. Hamsini na moja! Darasani kuna watoto wanaolingana na kitinda mimba wetu. Siku ya kwanza aliingia na mkoba wake, darasa zima likasimama likidhani ni mwalimu. Akawaambia, "Kaeni, wanangu, mimi ni mjinga mwenzenu." Wakampenda hapo hapo.

Si kwamba alikwenda kwa kutafuta makuu. Miaka kumi na minne alikuwa kwenye karakana ya kutengeneza mashine za hospitali. Alianza kwa kupiga deki. Siku moja fundi mmoja alimwomba amshikie waya, kesho yake amshikie koleo, mwaka uliofuata akawa analehemu mwenyewe, na hatimaye zile mashine ndogo za kupima mapigo ya moyo na za kudondoshea dawa zikawa zinapelekwa mezani kwake moja kwa moja. Mikono anayo. Kitu alichokosa ni karatasi. Ndipo ikaja amri kutoka juu: ikifika mwisho wa mwaka, asiye na cheti asiguse mashine ya mgonjwa. Mkuu wa karakana akamwita akamwambia bila kuficha, "Mama, nenda ukafanye ule mtihani. Ukifaulu, una kazi ya ufundi kamili. Usipofaulu, sina pa kukuweka. Hata deki siku hizi inafanywa na kampuni."

Basi mambo yalikuwa hayo. Cheti au nyumbani. Na mtihani ni mmoja, haurudiwi mpaka mwaka mwingine, na huo mwaka mwingine usingemkuta kazini.

Angekuwa mwenye macho mazima nisingekuwa na la kusimulia. Lakini karibu mwaka mmoja kabla ya hapo daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, bado mchanga, na akamwandika kwenye orodha ya wanaosubiri upasuaji. Orodha yenyewe ndefu kama nini sijui. Miwani alikuwa nayo, lakini miwani inakuza, haisafishi. Dunia yote kwake ilikuwa imepakwa chai. Bluu, zambarau na kijivu vilikuwa kitu kimoja. Kahawia na nyekundu alizitofautisha kwa shida, mchana, karibu na dirisha.

Na jambo hilo hakulisema kwa mtu. Tulilijua watatu: yeye, daktari na mimi. Nilimwambia, "Mama watoto, waeleze. Ugonjwa si wizi." Akanigeukia kwa ukali, "Niwaeleze nini? Kwamba fundi wao haoni? Watanipa pole na barua siku hiyo hiyo." Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na tisa, najua ni wakati gani wa kunyamaza.

Ndipo ilipoingia nyumbani kwangu hiyo kompyuta. Binti yetu mkubwa alitupatia ile kompyuta yake ya zamani ya mezani, lidude zito, feni yake inanguruma utadhani inasaga mahindi. Ikawekwa wapi? Juu ya meza yangu ya kukatia nguo! Nikabaki na nusu meza. Nilikata suti ya bwana harusi nikiwa nimejikunja kama kamba, na yeye yuko pembeni anabofya. Nililalamika, nikalalamika, akaniambia, "Baba watoto, ng'ombe hazeeki maini. Sogea."

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu ya bure ambayo wanafunzi walikuwa wakipeana kwa flashi, mmoja kwa mwenzake. Inaitwa Milia. Aliitengeneza mtu aliyepita chuo hicho zamani, nasikia naye rangi zilimtesa. Haitaki intaneti, haitaki kujiandikisha, na kwenye kona ya chini imeandikwa: "Ni bure. Mpe na mwenzako." Ukiifungua unaiona rezista kubwa imechorwa juu, nene kama mchi, na chini yake vitufe vya rangi. Unabofya kahawia, mlia wa kwanza unakuwa kahawia. Unabofya nyeusi, unafuata mweusi. Ukimaliza inakuandikia thamani yake. Ukitaka kinyume chake, unaandika namba, yenyewe inakuchorea rangi. Mpaka hapo hata mimi nilikubali kwamba huyo aliyeitengeneza alilelewa vizuri.

Lakini programu haina macho. Lazima uiambie rangi, na rangi ndizo hizo bibie hazioni. Kwa hiyo kazi ya macho ikawa yangu. Jumapili asubuhi, jua likiwa dirishani, ananimwagia rezista kwenye kisahani nami nasoma huku naye anabofya. Mimi rangi nazijua. Miaka thelathini nachagua nyuzi. Nikikuambia hii si nyekundu, ni nyekundu iliyolala, amini. Tatizo ni kwamba kwenye mtihani mimi nisingekuwepo.

Nikamshonea ukanda. Kipande cha kitambaa cheupe, nikakipiga nyuzi kumi kwa mstari, nyeusi mpaka nyeupe, kila uzi na namba yake pembeni. Analaza rezista juu ya uzi, anafananisha. Kwa kahawia na nyekundu ulimsaidia sana. Ila zile rangi tatu, bluu, zambarau na kijivu, ziligoma kabisa.

Na hapa ndipo mke wangu alipoonyesha kichwa chake. Asubuhi moja alikuwa na rezista ambayo mlia wa kwanza ni njano, wa pili hajui ni upi kati ya hizo tatu. Nikafungua mdomo nimwambie, akanizuia kwa mkono. Akabofya njano na bluu. Arobaini na sita. Programu ikaandika maneno ya kijivu: "Thamani hii haitengenezwi." Akabofya njano na kijivu, arobaini na nane. Haitengenezwi. Akabofya njano na zambarau. Arobaini na saba, ikaandikwa kwa herufi nyeusi nzito, haikulalamika. Akanitazama huku anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Umeona? Viwanda havitengenezi kila namba! Kuna zilizopo na zisizokuwepo. Nikikosa rangi, nazijaribu zote, itakayobaki ndiyo."

Zile zinazotumika pale chuoni ni kumi na mbili tu, halafu zinaongezwa sifuri. Akazipa jina la ndugu kumi na wawili, akanikaririsha na mimi: kumi, kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane, ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na tatu, thelathini na tisa, arobaini na saba, hamsini na sita, sitini na nane, themanini na mbili. Nilikuwa nazitaja huku nakanyaga cherehani. Mteja mmoja alikuja kupimwa suruali, nikamzungushia utepe kiunoni nikasema "themanini na mbili" kabla sijausoma. Alikasirika sana, na kweli hakuwa mnene kiasi hicho.

Tukaendelea hivyo miezi saba. Mwishoni katika rezista mia alikuwa anakosa mbili au tatu. Hakuwa mwepesi. Wenzake walikuwa wanamaliza kumi wakati yeye yuko ya nne, kwa sababu kila mashaka lazima ayapeleke kwenye programu, huku na huku, kulia na kushoto, mpaka aridhike. Nilimwambia, "Utapitwa na muda." Akasema, "Afadhali nipitwe."

Siku ya mtihani nilimbebea mkoba. Nilisema nitamwacha mlangoni nirudi zangu kazini, lakini nani angerudi? Nikakaa kwenye benchi la koridoni. Chumba cha mtihani kina madirisha ya vioo upande huo, na kimoja kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo niliona na kusikia. Watahiniwa kumi na wanane, kila mmoja na kompyuta yake yenye Milia, maana chuo kilikubali itumike, na bodi ya kufungia vipande na kisahani cha rezista kumi zenye namba. Sehemu ya kwanza, andika thamani ya kila moja bila kuipima kwa mita ya umeme. Sehemu ya pili, zifunge kwenye bodi, kila moja mahali palipoandikwa thamani yake, nafasi zinazobaki uzifunge waya mtupu, uwashe umeme, taa ziwake kwa zamu. Msimamizi alikuwa bwana mmoja mrefu kutoka nje ya chuo. Na nyuma kabisa, mikono kifuani, amesimama Mkuu wa karakana, maana watahiniwa watatu walikuwa watu wake.

Bibie alikwenda vizuri mpaka ya tisa. Niliuona ukanda wangu umelala mezani pake, moyo ukanidunda kwa fahari, acha niseme ukweli. Kisha akashika ya kumi, akakaa nayo. Akabofya. Akaigeuza. Akabofya tena. Akaiweka chini, akavua miwani akaifuta, akaanza upya. Wenzake walikuwa tayari wanalehemu, harufu ya risasi ya kulehemia inanijia mimi dirishani.

Akainua mkono.

"Mama, muda unakwenda," msimamizi akasema.

"Najua, mwanangu. Hii ya kumi inasomeka mara mbili. Ina milia mitano, na kahawia iko pande zote mbili. Nikianzia huku ni mia moja na ishirini. Nikianzia huku ni elfu kumi. Na zote mbili zinatengenezwa."

"Soma kama ulivyofundishwa."

"Nimesoma. Naomba mita niipime."

"Mita hairuhusiwi. Andika moja."

"Nimeandika zote mbili, na sababu yake nimeandika."

"Haya, na kwenye bodi utaifunga wapi?"

"Sifungi."

Msimamizi akamsogelea. Akapunguza sauti, lakini nilimsikia. "Mama, usipoifunga taa haziwaki. Zisipowaka sehemu ya pili umepata sifuri, na ukipata sifuri huko umefeli mtihani mzima. Unanielewa? Bahatisha tu."

Nilimkasirikia mke wangu siku ile, siwafichi. Nilisimama, pua yangu iko kwenye kioo, moyoni napiga kelele: funga, mwanamke, funga tu! Miezi saba! Nusu ya meza yangu! Kazi yako, riziki yako, inaondoka kwa sababu ya punje ya mchele! Kama dirisha lile lingekuwa wazi zaidi ningeingiza kichwa nikasema.

Yeye akajibu polepole, kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wakiwa na homa. "Mimi natengeneza mashine zinazofungwa kwenye mishipa ya watu. Nahisi hii ni elfu kumi. Lakini kuhisi si kupima. Sitafunga kitu nisichokijua. Kama ni kufeli, nifeli."

Akaikunja mikono yake mapajani.

Msimamizi akaguna, akaichukua ile rezista kutoka mezani, akaisogeza karibu na macho. "Mbona iko wazi," akasema. "Kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Mia moja na ishirini." Akafungua karatasi yake ya majibu ili amwonyeshe. Akaitazama karatasi, akaitazama rezista, akaitazama tena karatasi. Akaigeuza rezista. Wakati huo huo, meza ya tatu kutoka dirishani, kijana mmoja akawasha umeme, pakatokea kamlio kadogo na moshi mweusi. Halafu meza ya tano. Halafu binti mmoja kwenye kona akapiga ukelele, "Mamaa!" akachomoa waya.

Sita walikuwa wameshaifunga ile rezista mahali pa mia moja na ishirini bila hata kuigeuza, na pale pa elfu kumi wakaweka waya mtupu usiobana umeme. Macho mazima yote hayo! Waliiona kahawia ya kwanza, wakabofya, programu ikawapa namba inayotengenezwa, wakasema asante. Programu haina kosa, ilijibu ilichoulizwa.

Msimamizi alisimama na karatasi yake kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua. Kisha akasema kwa sauti ya chumba kizima, "Simamisheni kazi. Zimeni umeme." Akatoka akarudi na mita mbili, akatangaza kwamba ya kumi itapimwa na kila mtu, waliounguza bodi watapewa nyingine na muda wao. Kwa haki yake, hakujitetea. Alisema, "Hata mimi nimeisoma vibaya."

Bibie akapima. Elfu kumi. Akaifunga, akalehemu, akawasha, taa zikaanza kupokezana, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, ingawa nadhani yeye aliona tu kitu kinapepesa.

Mimi nikadhani yameisha. Nikachukua mkoba, nikajifuta uso, nikajiweka sawa nimpokee kama mume mwenye akili timamu. Alipotoka, Mkuu wa karakana alikuwa nyuma yake. Akamwita palepale koridoni, mbele yangu.

"Mama, nataka kujua kitu. Watu kumi na wanane wameiona rezista ile. Msimamizi mwenyewe ameiona. Ni wewe tu uliyeigeuza. Kwa nini?"

Alikuwa na njia ya kutoka, nawaambieni. Angesema ni uzoefu, angesema ni miaka kumi na minne, na angeaminiwa. Nilimkanyaga mguu kidogo. Hakunitazama.

"Kwa sababu sioni," akasema. "Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Rangi nyingine nazijua kwa kukisia tu, kwa hiyo siziamini. Kila kitu nakigeuza, nakipima. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utanifukuza."

Mkuu akamsogelea. Wanafunzi walikuwa wanapita wakicheka, wakisukumana.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu," akarudia. "Na mashine zote ulizozitengeneza humo katikati? Zile zilizokwenda wodini?"

Sikuwa nimeliwaza swali hilo hata siku moja, na niliona usoni mwa mke wangu kwamba yeye amekuwa akiliwaza kila siku.

"Hakuna iliyotoka mezani kwangu kabla sijaipima kila kipande," akasema. "Kila kipande, baba. Kisha naizima, nasubiri, naipima upya. Kama kuna hata moja iliyorudi, niambie leo, nami sitakuomba kazi."

Mkuu wa karakana alikuwa mtu mkavu, sijawahi kumwona akitabasamu na siku ile pia hakutabasamu. Alitazama chini, akajikuna ndevu.

"Mwezi uliopita nilikaa na daftari la mashine zinazorudi," akasema. "Za fundi huyu zimerudi nne, za yule sita, za yule tisa. Zako nikatafuta, sikuona hata mstari mmoja. Nikadhani hujaandikwa. Nikamgombeza mwandishi."

Mke wangu akaweka mkono mdomoni.

"Jumatatu njoo ofisini na majibu ya mtihani. Na karatasi ya daktari uje nayo, nitaandika barua wakuvute mbele kwenye foleni ya upasuaji. Macho hayo tunayahitaji." Akageuka kwenda, kisha akasimama. "Na ukija, uwaonyeshe hao wengine namna unavyopima. Wanaona sana, hao."

Akaenda zake. Mke wangu akageuka kuniangalia, nami nilikuwa nimeushika mkoba wa kike kifuani nalia kama mtoto, mzee mzima, mbele ya wanafunzi. Akanishika mkono. Akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, unanilaumu bado?" Nilitaka kumjibu kwamba sijawahi kumlaumu, lakini alikuwa ameniona dirishani.